Mahindi Yaliyoota Kuvu: Je, Kumwambia Mnunuzi Kunatosha?



Mwaka jana, wakati wa likizo, niliuza magunia matatu ya mahindi yaliyoota kuvu. Sikumdanganya mnunuzi. Nilifungua gunia mbele yake, akaingiza mkono, akanusa, akaona ukijani kwenye punje, kisha akanipa nusu ya bei ya soko. Tukapeana mikono. Fedha ile niliiongezea kwenye ada ya muhula, nikafanya mtihani, nikafaulu, alhamdulillahi. Kwa miezi kadhaa sikuona kosa lolote. Leo naliona, na ndiyo sababu ya kuandika makala hii. Swali langu ni hili: mtu akimuuzia kitu kibaya mwenzake anayejua kuwa ni kibaya, je, dhima imemwondoka?

Nianze na ilivyokuwa. Kwetu ni Walukuba, Jinja, kwenye zile nyumba za safu zilizojengwa zama za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda. Mama hukodi shamba upande wa Iganga. Msimu ule tulivuna mvua ikiwa bado haijakata. Turubai hatukuwa nalo, tukayaanika mahindi chini kwenye udongo. Mvua ikija tunayakusanya, ikikata tunayatandaza tena. Tulipoona yamekauka kwa macho, tukayatia kwenye magunia na kuyapanga sakafuni, yameegemea ukuta. Baada ya majuma matano tukafungua. Harufu ilitupokea kabla ya macho kuona. Mwenye mashine ya kusaga alikataa kuyapokea. Alisema, "Haya si ya posho. Wapelekee watu wa chakula cha kuku."

Mama alifarijika. "Afadhali, mwanangu. Kutupa chakula ni israfu, na kuku hawana neno." Nami nilifarijika, maana tarehe ya kulipa ada ilikuwa imekaribia. Nikayapakia kwenye bodaboda, safari tatu, hadi kwa mzee mmoja anayechanganya na kuuza chakula cha mifugo.

Sumu isiyoonekana

Muhula uliofuata, hapa Mbale, mhadhiri wetu alifundisha kuhusu kuvu wanaoitwa Aspergillus. Kuvu hawa huishi kwenye udongo, na hupenda nafaka na karanga zilizovunwa na unyevu, zilizovunjika au zilizoliwa na wadudu. Wakikua hutoa sumu inayoitwa aflatoksini, moja ya zile ambazo kwa Kiswahili tunaziita sumukuvu. Haina rangi wala harufu ya kuitambulisha. Ukungu unaouona ni kuvu; sumu yenyewe huioni, na inaweza kubaki hata ukungu ukipanguswa. Kupika posho kwa kawaida hakuiondoi. Hushambulia ini. Mwaka 1987 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B yumo katika hatari kubwa zaidi.

Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika mahindi ya kuliwa hapa Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo. Ili tuelewe udogo wake: chukua gramu moja ya sumu, uisambaze sawasawa kwenye magunia 1,000 ya kilo 100 kila moja. Magunia yote 1,000 yatakuwa yamefika ukingoni. Hakuna mkono wa mnunuzi unaoweza kugundua hilo, hata uwe na uzoefu wa miaka arobaini.

Kisha mhadhiri akasema jambo lililonifanya niache kuandika. Ng'ombe akila pumba zenye sumu hii, sehemu yake hutokea kwenye maziwa kwa muda wa siku moja hivi, na kuyachemsha maziwa hakusaidii. Kwa kuku, kiasi kinachofika kwenye yai ni kidogo zaidi; mzigo mkubwa hubaki kwa kuku mwenyewe. Ini lake huharibika, kinga hupungua, mayai hupungua, na ugonjwa mdogo humuua. Nikakumbuka jirani yetu wa Walukuba, mama mjane mwenye kuku wa mayai nyuma ya nyumba. Ndiyo riziki yake na ya wajukuu wake. Chakula cha kuku wake hununua kwa mzee yule yule.

Bei ilijua

Nilipopata nafasi ya kurudi Jinja nilikwenda kwa yule mzee. Nilidhani nakwenda kumpa habari.

"Mzee," nikamwambia baada ya salamu, "yale mahindi niliyokuuzia yalikuwa na sumu."

Alicheka kwa upole. "Kijana, wewe umejua leo. Mimi nilijua siku ile. Kwani ile nusu nyingine ya bei unadhani niliikata kwa ajili gani?"

"Uliyafanyia nini?"

"Niliyachanganya. Gunia lako moja kwa mengine mazuri matano, na pumba, na mashudu, na mukene wa Masese. Yanapotea humo."

"Na wanunuzi uliwaeleza?"

"Wao wananunua chakula cha kuku, hawanunui hadithi."

Sitaki mumwone mzee huyu kuwa mtu mwovu. Ananunua anachouziwa na anauza anachoweza kuuza. Lakini jibu lake lilinifungua macho. Kati yangu na yeye hapakuwa na udanganyifu. Aibu ya mali ilidhihirika, naye akairidhia. Ukiwauliza wanaosoma fiqhi ya biashara, watakuambia kwamba mnunuzi aliyejua kasoro na akaridhika hana tena haki ya kurudisha mali kwa sababu ya kasoro hiyo. Bei yenyewe ilibeba habari ya kasoro.

Tatizo ni kwamba habari ile iliishia pale dukani. Alipochanganya na kufunga mifuko, bei ilirudi kuwa bei ya chakula kizuri. Mama mjane alilipa bei kamili, hakuambiwa kitu, na hata angeingiza mkono kwenye mfuko asingeona kitu. Ukweli tuliambiana sisi wawili tuliofaidika nao, na aliyeuhitaji hakuupata. Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba mahindi yale yanakwenda kuchanganywa. Kwa hiyo siwezi kusema kilichotokea baadaye kilikuwa nje ya elimu yangu. Kilikuwa nje ya macho yangu tu.

Mkono ndani ya lundo

Sote tumesikia hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.) katika Sahihi Muslim, jinsi Mtume (s.a.w.) alivyopita sokoni akaingiza mkono kwenye lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta unyevu chini. Tunaisoma kila tunapozungumzia udanganyifu. Mimi nimeisoma tena nikiwa na magunia yangu matatu akilini, na nimeona mambo mawili ambayo nilikuwa nikiyapita.

La kwanza: mwenye nafaka alijitetea kwamba imenyeshewa na mvua, na Mtume (s.a.w.) hakumlaumu kwa mvua. Mvua ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Alichomuuliza ni kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione. Kosa halikuwa kupata hasara. Kosa lilikuwa kuifukia hasara mahali ambapo mwingine ataibeba bila kujua. Kuchanganya gunia moja na matano ni kuweka kavu juu ya iliyolowa, ila kwa ufundi zaidi.

La pili: Mtume (s.a.w.) aliingiza mkono. Hakungoja mlalamikaji. Alitumia njia ya kujua iliyokuwapo katika zama zile, akafika mahali ambapo macho hayafiki. Swali kwetu ni hili: mkono wa zama zetu ni upi? Kama ipo njia ya kupima na hatuitumii, je, tunaweza kujitetea kwamba hatukuona?

Mimi naamini hapa ndipo udhuru wetu unapoporomoka. Kuna ujinga unaosameheka. Mzee wa Busoga aliyewapa bata karanga zilizooza mwaka 1950 alikuwa na udhuru, kwa sababu duniani hapakuwa na anayeijua sumu hii. Ilijulikana baada ya mwaka 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa kula chakula chenye mashudu ya karanga. Na katika uchunguzi uliofuata, karanga zilizowasaidia watafiti kumpata kuvu mwenyewe zilitoka hapa Uganda. Mwaka 1971 ulichapishwa utafiti wa sampuli 480 za vyakula vilivyokusanywa nchini mwetu. Karibu 3 kati ya kila 10 zilikutwa na sumu hii, na palipokuwa na sumu zaidi ndipo palipokuwa na saratani ya ini zaidi. Ni zaidi ya miaka hamsini sasa. Elimu hii ilianza kwa karanga zetu na maini ya watu wetu. Kusema "hatujui" kwa mkulima ambaye hakuna aliyemfikishia elimu hiyo ni udhuru. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu, sioni udhuru huo unatoka wapi.

Wala si jambo la vitabuni tu. Mwaka 2004, jirani zetu wa mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, walikula mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Waliougua ni 317 na waliokufa ni 125. Mwaka 2016 katika Tanzania, upande wa Dodoma na Manyara, waliougua walikuwa 68 na waliofariki 20. Tarehe 5 Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu ya sumukuvu, wengi wetu tuliona ni vita vya biashara. Baada ya siku chache zuio lililegezwa kwa sharti la cheti cha kupimwa. Nakumbuka hasira zetu. Sikumbuki mtu kati yetu akiuliza kama mahindi yasiyomfaa Mkenya yanamfaa mtoto wa Walukuba.

"Kuku hawana neno"

Nirudi kwenye neno la mama, maana ni neno la wengi. Tunaona kwamba chakula kibaya kikipewa mnyama kinakuwa kimetakasika. Lakini fiqhi yetu haikufikiri hivyo. Kuna mlango kuhusu mnyama anayeitwa jallala, yule ambaye malisho yake makubwa ni uchafu. Imepokewa makatazo ya kula nyama yake na kunywa maziwa yake. Wanazuoni wametofautiana, wapo walioharamisha na wapo waliosema ni makuruhu, lakini wamekubaliana kwamba akifungiwa na kulishwa chakula safi kwa muda, zuio linaondoka. Imepokewa kwamba Ibn Umar (r.a.) alikuwa akimfungia kuku siku tatu.

Nisieleweke vibaya. Mahindi yenye kuvu si najisi, na sidai kwamba hukumu ya jallala ilikuwa ikizungumzia aflatoksini. Ndugu zetu wengine hupenda kukimbilia kila ugunduzi na kusema ulikuwamo, na mimi siipendi tabia hiyo. Ninachosema ni kidogo zaidi. Wanazuoni wale hawakuliona tumbo la mnyama kuwa mahali pa kupotezea uovu. Walitambua kwamba anachokula mnyama kina njia ya kumfikia mlaji, na kwamba mwenye mnyama anawajibika kwa njia hiyo.

Na zaidi ya mlaji kuna mnyama mwenyewe. Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha. Kuku aliye bandani hana pa kwenda kutafuta kingine. Anakula tunachomwekea. Kumfungia na kumpa kinachooza ini lake, na huku tunajua, siwezi kuliita hilo kulisha.

Je, maskini afanye nini?

Nilipoyaeleza haya nyumbani, mama alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sawa, mwanangu. Sasa ada yako ungeilipa na nini?"

Sikuwa na jibu, na sipendi makala zinazojifanya zina jibu. Magunia matatu kwa nyumba kama yetu si jambo dogo. Anayesema "yachome tu" mara nyingi si yeye aliyelima. Lakini nimefikiri hivi: hasara ile ilikuwapo tayari. Kuuza hakukuifuta, kulihamisha tu. Ilitoka kwa mama mmoja wa Walukuba mwenye mwana chuoni, ikaenda kwa mama mwingine wa Walukuba mwenye wajukuu. Kama umaskini wangu ni udhuru wa kumtwika yeye, umaskini wake ungekuwa udhuru wa kumtwika nani? Watoto wanaonunua yai moja moja?

Na kuhusu israfu: kuna njia ya katikati ambayo hatukuijua. Sumu haisambai sawa kwenye gunia. Hukaa zaidi kwenye punje zilizobadilika rangi, zilizovunjika na zilizosinyaa. Kuzichambua kwa mkono na kukoboa kabla ya kusaga hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, ingawa hakuleti uhakika kama kupima. Tungeanza kuchambua mapema, huenda tungeokoa sehemu kubwa. Zilizochambuliwa hufukiwa au huchomwa, hazipewi kuku. Israfu ya kweli ilikuwa kuacha mahindi mazuri yaharibike kwa kukosa turubai.

Kwa maana hiyo naona jambo hili halimhusu mkulima peke yake. Wanazuoni wanaita fardhi kifaya wajibu ambao wakiutekeleza baadhi yetu wengine wamesalimika, na wakiuacha wote, wote wana dhambi. Kipima unyevu kimoja kinaweza kuwatosha watu wa msikiti mzima. Hata kabla ya kukipata, chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa dakika chache, uiache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu, hayafai kutiwa ghalani. Nafaka ya kuhifadhi inatakiwa iwe na unyevu wa asilimia 13 hivi. Ianikwe juu ya turubai, magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta. Hakuna hapa kinachohitaji shahada. Kinahitaji mtu wa kwenda kueleza, na sisi ndio tunaopita barabara ya Tirinyi kila mwisho wa muhula, tukiyaona mahindi yameanikwa chini kando ya lami, tukaendelea na mazungumzo yetu garini.

Deni langu

Toba ina sharti la kurudisha haki za watu, na hapo ndipo nilipokwama muda mrefu. Mama mjane nilimwendea. Nilimweleza yote, na nikamwomba anisamehe. Alinyamaza kidogo, akasema kwamba kuku wake kadhaa walikufa msimu ule, ila kuku hufa kwa mengi. Kisha akasema amenisamehe. Sijui kama ni mahindi yangu yaliyowaua. Hatajua yeye, wala sitajua mimi. Hiyo ndiyo sifa ya sumu hii: haiachi alama ya aliyeileta.

Wengine waliokula mayai au kunywa maziwa siwajui na sitawajua. Shekhe niliyemuuliza aliniambia kwamba haki ya asiyejulikana hutolewa sadaka kwa niaba yake. Kwa hiyo nimeanza kuirudisha ile nusu ya bei kidogo kidogo. Hadi sasa nimenunua maturubai mawili. Moja liko kwa mama, jingine liko kwa jirani, na yeyote wa mtaani anaruhusiwa kuazima wakati wa kuvuna. Bado deni halijaisha.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali la mwanzo ni hili. Kumwambia mnunuzi ni wajibu, lakini hakutoshi pale unapojua kwamba ataifukia habari uliyompa na kumuuzia asiyejua. Dhima inaifuata mali hadi kwa mlaji, awe mtu au mnyama. Huenda nimekosea, na wenye elimu zaidi yangu miongoni mwenu wanirekebishe katika toleo lijalo. Wallahu a'lam.

Mwenyezi Mungu atupe riziki ya halali, na atupe ujasiri wa kuweka iliyolowa juu. Amin.